Galiarda kwa Gumba na Shahada: Kupiga Dansi za Renesansi kwenye Gita Kavu

Mwanafunzi akija kwangu akitaka kujifunza muziki wa dansi wa Ulaya ya miaka ya 1500, gita lake hubaki ndani ya mfuko kwanza. Tunasogeza meza ukutani, tunatembea. Wengine hukereka: wamelipa wafundishwe gita, mwalimu anawatembeza sebuleni kama maharusi. Lakini muziki huu ulitungiwa watu waliosimama, na anayeuanza kwa vidole peke yake huishia na sauti tamu isiyochezeka.

Mimi ni mtu wa gita kavu. Nimekulia Changamwe, baba akiwa mfanyakazi wa reli aliyetoka Vihiga, na gita nilifundishwa na mjomba wangu aliyepiga omutibo, ule mtindo wa magharibi mwa Kenya uliovuma kwa mkono wa George Mukabi. Katika omutibo mkono wa kulia unafanya kazi kwa vidole viwili tu, gumba na shahada, yaani kidole kinachofuata gumba. Ndivyo alivyopiga pia Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Na ndivyo walivyopiga wapiga luti wa Paris na Venice miaka mia nne kabla yao. Sidai kwamba kuna aliyemwiga mwenzake. Ninachosema ni kwamba kama umelelewa na gita kavu, nusu ya mkono wa kulia unayo tayari. Nusu ya pili ina ukaidi wake, na nitaifikia.

Namdhania msomaji hivi: unashika chodi za A ndogo (Am), G, C na E bila kuzitafuta, na unapiga kwa vidole. Nota si lazima uzijue.

Kuhusu gita, la nyuzi za nailoni ndilo bora kwa kazi hii, ila la chuma halikatazwi. Kata kucha ya shahada iwe fupi, kwa sababu wapiga luti wengi wa wakati ule waligusa nyuzi kwa nyama ya kidole, na sauti yake ni ya mviringo zaidi. Kununua luti subiri. Luti ni ndugu wa udi wetu wa taarabu. Wazungu waliupata kwa Waarabu wakaufungia freti za utumbo shingoni, na nyuzi zake zimepangwa mbilimbili. Ni chombo kizuri, lakini utatumia muda mwingi kukityuni kuliko kukipiga.

Pavana

Tunaanza na pavana kwa sababu ni matembezi tu. Mwalimu wetu hapa ni Jehan Tabourot, kasisi wa kanisa kuu la Langres, Ufaransa, aliyezipangua herufi za jina lake akajiita Thoinot Arbeau. Kitabu chake, Orchésographie, kilitoka mwaka 1589. Kimeandikwa kama mazungumzo kati ya mzee na kijana aitwaye Capriol, aliyemaliza masomo ya sheria kisha akagundua kwamba hajui kucheza. Uzuri wake ni kwamba Arbeau ameandika jina la kila hatua pembeni ya nota yake, kwa hiyo unaona mguu gani unaangukia wapi. Sijaona kitabu kingine cha zama hizo kinachomfaa mpiga gita zaidi ya hiki, na hakikuandikwa kwa ajili ya mpiga gita.

Simama. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia uungane nao: hesabu mbili. Wa kulia mbele, wa kushoto uungane nao: hesabu mbili. Kisha kushoto, kulia, kushoto, unganisha: hesabu nne. Jumla nane, halafu unarudia ukianza na mguu wa kulia. Hakuna zaidi. Arbeau anasema wafalme na watu wakubwa waliitumia pavana siku za sherehe kujionyesha katika majoho yao, na waungwana waliicheza wakiwa na upanga kiunoni. Hiyo ndiyo kasi yake: mtu aliyevaa joho zito anayejua anatazamwa. Kwa saa ya ukutani ni hesabu moja kwa sekunde, au haraka kidogo kuliko hapo.

Chini ya hatua hizo Arbeau ameweka ngoma moja isiyobadilika: pigo refu, kisha mawili mafupi. Refu linachukua hesabu moja, mafupi mawili yanagawana hesabu ya pili. Tembea huku ukiipiga mapajani. Miguu ikianza kwenda bila kuamriwa, keti uchukue gita.

Chodi ni hizi, vipimo vinane, na kila kipimo kina hesabu nne, yaani ngoma ile mara mbili:

A ndogo | G | A ndogo | E | C | G | A ndogo, E | A ndogo

Mfuatano huu unaitwa pasamezo ya kale, na karne ya 16 nzima iliutumia jinsi sisi tunavyotumia chodi tatu za rumba. Besi zake zinakaa vizuri mno kwenye gita: uzi wa tano wazi, wa sita freti ya tatu, wa tano wazi, wa sita wazi, wa tano freti ya tatu, wa sita freti ya tatu, kisha katika kipimo cha saba wa tano wazi na wa sita wazi, nusu kwa nusu, na mwisho wa tano wazi. Gumba lipige besi kwenye pigo refu. Shahada na kidole cha kati viguse nyuzi za juu kwenye mapigo mawili mafupi, kwa wepesi. Ukifika kipimo cha nane mara ya mwisho kabisa, geuza A ndogo iwe A kubwa: uzi wa pili freti ya pili badala ya ya kwanza. Watu wa zama zile walipenda kufunga kipande cha huzuni kwa chodi ya furaha, na ukishazoea utaona A ndogo mwishoni kama mlango ulioachwa wazi.

Mizunguko miwili ya pasamezo hii inabeba seti nane za hatua zile. Mtu mmoja apige, mwingine atembee, mbadilishane. Ukiwa peke yako, rekodi kwa simu kisha utembee juu ya rekodi yako. Simu haina huruma: kila mahali uliposita kutafuta chodi, mguu wako utabaki umening'inia.

Faida ya ziada: badilisha chodi ya kwanza tu, weka C badala ya A ndogo, na una mfuatano wa pili maarufu, romaneska. Wimbo wa Greensleeves, ambao kibali cha kuuchapa kiliandikishwa London mwaka 1580, kwa kawaida hupigwa ubeti wake juu ya pasamezo ya kale na kiitikio juu ya romaneska. Ukiwa na vipimo hivi vinane mkononi, tayari unaweza kumsindikiza mwenye filimbi au zumari anayeujua wimbo huo.

Galiarda

Sasa tunafika mahali ninapopapenda. Desturi ya zama hizo ilikuwa kuzipanga dansi mbili mbili: baada ya dansi ya kutembea inakuja ya kuruka, mara nyingi kwa chodi zilezile au sauti ileile iliyobadilishwa mwendo. Joan Ambrosio Dalza, katika kitabu chake cha luti kilichochapwa na Petrucci huko Venice mwaka 1508, tayari anaiandikia pavana dansi zake mbili za kuifuata, saltarelo na piva. Baadaye mwenza wa pavana akawa galiarda.

Galiarda ina hesabu sita na hatua tano, na siri yote iko katika tofauti hiyo ya moja. Rusha mguu wa kushoto mbele, moja. Wa kulia, mbili. Wa kushoto, tatu. Wa kulia, nne. Kwenye tano unaruka juu, uko hewani, hakuna mguu unaogusa sakafu. Kwenye sita unatua, mguu mmoja mbele ya mwingine. Kisha unaanza upya kwa mguu wa kulia.

Jaribu, hata kama una miaka hamsini na tano na goti linalolia. Huhitaji kuruka juu. Inchi mbili zinatosha kukufundisha. Utagundua kwamba galiarda haikubali kupunguzwa mwendo kiholela. Pavana unaweza kuiburuta, galiarda huwezi, kwa sababu aliyeruka lazima ashuke na ardhi haimsubiri mpiga gita. Ukipiga polepole mno, mchezaji anatua kabla ya pigo la sita na kusimama akikutazama. Ukipiga haraka mno, pigo linafika angali hewani. Kwa mwili wangu mimi, mzunguko wa hesabu sita unachukua sekunde mbili na kitu. Wapiga gita wengi ninaowasikia huipiga kwa sekunde tatu au nne, na huko si galiarda tena, ni tumbuizo.

Kwenye gita, chukua pasamezo yetu ileile na uipe kila chodi hesabu sita badala ya nne. Gumba kwenye besi hesabu ya moja. Shahada na kidole cha kati nyuzi za juu, mbili na tatu. Gumba tena kwenye besi, nne. Tano: usiguse kitu, acha nyuzi ziendelee kuvuma. Sita: nyuzi za juu pamoja, kwa uthabiti, huyo ametua. Katika kipimo cha saba, A ndogo inapata hesabu tatu za kwanza na E tatu za mwisho.

Kazi ngumu hapa ni ile tano. Mkono unaojua kupiga hauwezi kuona nafasi tupu bila kuijaza. Mwanafunzi wangu mmoja, fundi cherehani, aliitatua kwa namna yake: alikuwa akivuta pumzi kwa sauti kila ikifika tano. Nimewafundisha wengine wote mbinu hiyo tangu wakati huo.

Baada ya hapo kuna mchezo mwingine, na hapa mtu wa Pwani ana bahati. Hesabu sita zinaweza kugawanywa tatu mara mbili, au mbili mara tatu. Watunzi wa galiarda walipenda kukaa kwenye mgawo wa kwanza kisha, ukikaribia mwisho wa sehemu, kuteleza ghafla kwenye wa pili. Wasomi huita hali hiyo hemiola na huichorea mishale mingi. Mtu aliyekua akisikia chakacha hahitaji mishale. Ngoma ya chakacha inacheza na mbili dhidi ya tatu usiku kucha, na kiuno kinazijua zote mbili kwa wakati mmoja. Piga mguu mara mbili katika hesabu sita, mkono upige makofi mara tatu: moja, tatu, tano. Ukiweza hilo huku unazungumza na mtu, galiarda yoyote utaiweza. Tofauti ni kwamba chakacha inazipiga mbili na tatu pamoja, galiarda inazipokezana.

Ukaidi wa gumba

Nilisema mpiga gita kavu ana nusu ya mkono. Nusu anayokosa ni hii: kwa Mukabi na kwa Mwenda, gumba lina makao yake kwenye nyuzi nene na shahada ina makao yake kwenye nyembamba. Kila mmoja na chumba chake. Kwa mpiga luti wa miaka ya 1500 gumba linashuka mpaka kwenye sauti ya juu, linapokezana na shahada kwenye uzi uleule, nota kwa nota. Gumba linapiga kushuka kwenye nota nzito, shahada inapiga kupanda kwenye nota nyepesi. Vitabu vya wakati huo viliweka nukta ndogo chini ya kila nota ya shahada. Isiyo na nukta ni ya gumba.

Shusha kiwiko kidogo mpaka mkono wa mbele ulale karibu sambamba na nyuzi, badala ya kuzikata kutoka juu. Kidole kidogo kiguse ubao, chini ya uzi wa kwanza, kwa wepesi tu. Ndivyo walivyofanya wao. Sasa utaona gumba linapita ndani, chini ya shahada, likielekea kiganjani, na siyo nje kama tulivyozoea kwenye gita. Kwa siku chache utahisi umeazima mkono wa mtu.

Zoezi: uzi wa pili wazi kwa gumba, freti ya kwanza kwa shahada, freti ya tatu kwa gumba, kisha uzi wa kwanza wazi kwa shahada, freti ya kwanza kwa gumba, freti ya tatu kwa shahada. Rudi ulikotoka kwa kupokezana vilevile. Unapovuka kutoka uzi mmoja hadi mwingine mkono utataka kudanganya na kutumia kidole kilicho karibu. Usiuruhusu. Anza polepole kiasi kwamba unachoka kusubiri.

Kuna wanaouliza kwa nini wasitumie shahada na kidole cha kati, jinsi wanavyofundishwa wapiga gita wa klasiki, wasawazishe nota zote. Jibu langu ni kwamba usawa ndio tusioutaka. Gumba ni zito, shahada ni nyepesi, kwa hiyo kila jozi ya nota inatoka kubwa-ndogo, kubwa-ndogo, bila wewe kufikiri. Mchezaji anaisikia ile kubwa kwa mguu. Mpiga gita hodari wa klasiki anaweza kuiga hali hiyo kwa vidole vingine, lakini atakuwa anafanya kwa akili kazi ambayo gumba linaifanya bure.

Kurudia si kurudia

Dansi hizi zimegawanyika katika sehemu fupi, vipimo vinne, vinane au kumi na sita, na kila sehemu hupigwa mara mbili. Mara ya kwanza inapigwa ilivyo. Mara ya pili mpigaji anatarajiwa kuijaza kwa nota za haraka, na hapo ndipo zoezi la gumba na shahada linapolipa. Watunzi wengi waliandika mijazo yao, kwa hiyo ukiona kitabuni sehemu ya kwanza nyepesi na inayofuata imejaa nota, usidhani ni muziki mpya; ni uleule umevalishwa.

Anza na mjazo mmoja tu katika pasamezo ya pavana. Kipimo cha kwanza, A ndogo, piga ngoma ya kwanza kama kawaida. Badala ya ngoma ya pili, weka nota nne sawa, kila moja nusu ya hesabu: uzi wa pili freti ya kwanza, gumba, freti ya tatu, shahada, freti ya kwanza, gumba, uzi wa tatu freti ya pili, shahada. Utue kwenye G ya kipimo cha pili: gumba kwenye besi, shahada kwenye uzi wa pili wazi, kwa pamoja. Ukiweza kufanya hivyo bila mtembeaji kutambua kwamba kuna kitu kimebadilika chini ya miguu yake, tunga mjazo wako wa kipimo cha tatu. Mjomba wangu alikuwa na sheria moja ya mapambo: ukipamba ukachelewa, umeharibu. Naiona inafaa hapa pia.

Kusoma walichoandika

Muziki wa luti uliandikwa kwa tabulatura, yaani unaambiwa ubonyeze wapi, si sauti gani itoke. Ya Kifaransa hutumia herufi: a ni uzi wazi, b freti ya kwanza, c ya pili (mara nyingi inaandikwa ikafanana na r), na kuendelea, ila j hairukwi kwa bahati mbaya, haimo; baada ya i, freti ya nane, inakuja k. Mstari wa juu ni uzi mwembamba. Vijiti vyenye mikia juu ya mistari vinaonyesha muda. Kila mkia unakata muda nusu, na alama moja inaendelea kutawala mpaka nyingine itokee. Ya Kiitaliano hutumia tarakimu, sifuri ikiwa uzi wazi, lakini imepinduliwa: mstari wa juu ni uzi mnene. Geuza akili tu.

Kuhusu kutyuni: teremsha uzi wa tatu nusu sauti, kutoka G hadi F kali (F#), na gita lako sasa lina mpangilio uleule wa nafasi kati ya nyuzi kama luti na vihuela, chombo cha Wahispania chenye umbo la gita. Ukitaka na kimo cha sauti cha luti ya kawaida, funga kapo, kile kibanio cha shingoni, freti ya tatu. Mimi hufunga hata kama sijali kimo, kwa sababu freti zinakaribiana na mikunjo mibaya ya vidole inakuwa rahisi. Kumbuka tu kwamba chodi ulizozizoea zimehama kwenye uzi huo: A ndogo sasa inataka freti ya tatu badala ya ya pili. Ndiyo maana pasamezo tuliifanya kabla ya kugusa funguo.

Karibu kila kitabu nitakachokitaja kimepigwa picha na kuwekwa kwenye maktaba ya intaneti ya IMSLP, bure.

Upige nini, kwa mpangilio gani

Usianze na luti. Paris ya miaka ya 1550 ilikuwa na wazimu wa gita dogo la nyuzi nne, mbilimbili isipokuwa ule mwembamba, na Adrian Le Roy alichapa kitabu chake cha kwanza cha gita hilo mwaka 1551, Guillaume Morlaye akafuata 1552. Nafasi kati ya nyuzi zake ni sawasawa na nyuzi nne nyembamba za gita lako kama lilivyo. Hakuna kuteremsha uzi, hakuna kapo. Nyuzi mbili nene ziache zipumzike. Vipande ni vifupi, pavana na galiarda na branli, na vingi ni rahisi kuliko vinavyosikika. Mwenye ukulele naye anaweza kujiunga moja kwa moja.

Branli ni dansi za duara, watu wameshikana mikono wakienda kushoto. Ile iitwayo maradufu ni nne kushoto, nne kulia, haina shida. Ile iitwayo rahisi ndiyo humpoteza mpiga gita: nne kushoto, mbili kulia, kwa hiyo kila fungu lina hesabu sita na sikio lililozoea nane linakaa likingoja mbili ambazo hazipo. Mara nyingine namwona mtu anaziongeza mwenyewe. Miguu ndiyo dawa, kama kawaida. Watoto wapigie branli ya wafua nguo iliyomo kwa Arbeau, ambamo wachezaji hupiga makofi kuigiza kelele za wanawake waliofua kando ya mto Seine.

Dansi alizochapa Tielman Susato huko Antwerp mwaka 1551 hazikuandikiwa luti wala gita. Ni sauti nne za vyombo vya kundi. Nje ya nyumba zilipigwa na vyombo vya kelele, na kimojawapo ni yule ndugu wa zumari yetu, wa matete mawili. Ukizipanga kwa gita chukua sauti ya juu na besi tu. Kisha sogeza mkono wa kulia karibu kabisa na daraja, sauti iwe ya puani. Mtu aliyesikia zumari Lamu atakuelewa papo hapo.

Ndipo uje kwa Luis Milán. Kitabu chake cha vihuela kilichapwa Valencia mwaka 1536, na kina pavana sita ambazo mwenyewe anasema zinafanana na zile za Italia. Tarakimu zake, tofauti na desturi ya wenzake wengi, zimewekwa uzi mwembamba juu, kwa hiyo unazisoma kama tabulatura yoyote ya gita ya leo. Uzi wa tatu kwenye F kali, na uende. Hizi ndizo pavana bora zaidi zilizowahi kuandikiwa chombo cha nyuzi sita, na sitabishana na mtu juu ya hilo.

John Dowland mwachie mwisho. Kila mwanafunzi anamtaka wa kwanza kwa sababu jina lake ndilo linalojulikana, na kwa kweli aliyekuwa mpiga luti wa mfalme Christian wa Nne wa Denmark hakuwa mtu wa kubahatisha. Lakini galiarda zake nyingi zimejaa mambo ya kusikilizwa kiasi kwamba mchezaji hajui arukie wapi. Ukishindwa kuvumilia, anza na Mrs Winter's Jump, kipande kifupi, chepesi, chenye miguu. Kwake na kwa watunzi wengine wa baadaye utakutana na herufi chini ya mstari wa mwisho, ambazo ni nyuzi za besi za ziada usizokuwa nazo. Zipandishe oktavu moja, au zibadilishe na besi iliyo karibu ndani ya chodi hiyohiyo.

Ukishakuwa na pavana moja na galiarda moja zinazosimama, tafuta watu watatu au wanne wa kuwachezesha. Wafundishe hatua wewe mwenyewe, maana hakuna mwingine atakayewafundisha. Kabla ya kuanza piga ngoma ya pavana mara mbili kwenye ubao wa gita ili wapate mwendo, na usivitazame vidole vyako mwenyewe, tazama sakafu. Ikifika galiarda, mtafute kwa macho mchezaji mzito kuliko wote chumbani. Hesabu yake ya sita ndiyo yako.